Gari Inachemsha na Feni Haizunguki? Cheki Hivi Vitu Kabla Fundi Atoe Temostati

Kama unaendesha Probox, Fielder, Vitz ama Sienta kati ya Kitale na Bungoma, hii stori unaijua. Kwa lami gari iko fiti, sindano ya joto imetulia katikati. Unafika Kanduyi unapata jam, ama unakwama nyuma ya trekta imebeba miwa ya Nzoia, na dakika kumi baadaye mvuke unatoka kwa boneti. Unafungua, unacheki feni ya radieta: imekaa tu, haina habari. Msee wa kwanza kufika hapo anakuambia feni imekufa. Wa pili anasema temostati itolewe. Wa tatu ako na spana mkononi tayari na hata hajauliza gari ni ya nani.

Mmoja wao anaweza kuwa ameshika. Lakini feni kukataa kuzunguka huwa na maana mbili tofauti kabisa. Kuna feni imeharibika, na kuna feni iko poa ila hakuna kitu kimeiambia izunguke. Hiyo ya pili ndio hula watu doo. Unanunua feni nyingine, inafungwa, na hiyo nyingine pia inakaa kimya vile vile, ju shida haikuwa hapo. Wiki moja baadaye gasketi ya hedi inaenda, na sasa hesabu ni ya injini.

Vipimo vyenye viko hapa chini vingi unaweza kufanya mwenyewe na mikono yako, dakika chache, bila kufungua nati hata moja.

Gari ikishachemsha

Zima AC mara moja. Fungua madirisha, weka hita kwa joto ya mwisho na upepo wa mwisho. Najua inakaa wazimu, abiria watalia, lakini hita ni radieta ndogo ndani ya gari na inatoa joto kwa injini. Tafuta mahali salama usimame. Kama mvuke tayari unatoka ama taa nyekundu imewaka, zima injini kabisa. Usiseme ati wacha nifike Misikhu ndio nicheki. Injini ya 1NZ-FE, yenye iko kwa Probox na Fielder nyingi za huku, bloku na hedi yake zote ni alumini. Alumini ikipitiliza joto inapinda, na ikishapinda haujui mpaka siku utaona maji imeingia kwa oili.

Kama gari yako ni Vitz ama zile ndogo hazina sindano ya joto, kuna taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya injini moto. Hiyo nyekundu haikuji mapema kukupa ushauri. Ikiwaka umeshachelewa, simama.

Usifungue kifuniko cha radieta kama iko moto. Hii nasema polepole ju bado kuna watu hufanya, tena na kitambaa. Ndani kuna maji iko juu ya kiwango cha kuchemka na imezuiwa na presha peke yake. Ukifungua, presha inaisha na hayo maji yote yanageuka mvuke hapo hapo usoni mwako. Ngoja nusu saa ama zaidi, mpaka uweze kushika hosipaipu ya juu bila kuruka na ukiifinya iwe laini. Na usimwagie injini moto maji baridi ya mto, ni njia ya haraka ya kupasua hedi. Ikishapoa, washa injini, iache silensa, ongeza maji kidogo kidogo.

Swali la kwanza: inachemsha wapi?

Hapa ndio fundi mzuri huanzia, na yule mbaya huruka.

Gari ikiwa kwa mwendo wa 60 au 80, upepo unaopita kwa grili unatosha. Feni ya umeme mara nyingi huwa imezimwa na hakuna shida. Kazi yake ni wakati hakuna upepo: jam, steji, foleni ya NCPB Kitale wakati wa mahindi, kupanda mahali pabaya pole pole na mzigo. Kwa hivyo kama gari inachemsha tu ikisimama, na ukianza kutembea sindano inashuka, feni ni mshukiwa namba moja.

Lakini kama inachemsha ukiwa unapanda kutoka Webuye kwenda Kiminini, mguu kwa mafuta, upepo uko wa kutosha, wacha feni kwanza. Hapo tafuta maji kidogo, radieta iliyoziba, pampu ya maji, temostati ama gasketi. Bungoma mjini iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na Kitale karibu 1,900, kwa hivyo ukienda Kitale injini inapanda kama nusu kilomita kwenda juu. Kuna magari yenye hushuka kutoka Kitale mpaka Bungoma bila shida yoyote, jioni zikirudi na mzigo zinachemsha. Huyo dere akiambia fundi "inachemsha" bila kusema ilikuwa inapanda, wataanza na feni na watamaliza siku nzima hapo.

Maji kabla ya umeme

Sasa hii ndio sehemu watu hawapendi kuskia, ju ni ya bure.

Feni haijui injini ni moto. Inaambiwa na sensa, na sensa imekaa ndani ya maji. Maji ikipungua, sensa inabaki kwa hewa ama mvuke, inasoma joto ya chini, na feni haiwashwi. Injini inachemka na sindano yako kwa dashibodi inaweza hata kuwa inashuka! Kwa hivyo gari baridi, asubuhi, fungua kifuniko cha radieta yenyewe na uangalie. Usiamini ile chupa ya plastiki peke yake, inaweza kuwa imejaa na radieta iko nusu.

Kuna kipimo kingine kitamu: injini ikiwa moto, weka hita kwa moto. Ikipuliza hewa baridi na sindano iko juu, hakuna maji inazunguka hapo. Imepungua, ama hewa imekwama ndani, ama pampu haisukumi. Feni haina kesi ya kujibu.

Halafu kifuniko. Hii kwa watu wa Kitale ni muhimu kuliko kwa watu wa Mombasa, na si utani. Maji Mombasa inachemka kwa nyuzi 100. Kitale, ju ya urefu, inachemka karibu nyuzi 94. Ndio maana maharagwe ya huku inakaa jikoni kuliko ya Pwani. Kifuniko cha radieta kimeandikwa 0.9 ama 1.1, hiyo ni presha inashikilia. Kikiwa kizima cha 0.9, maji ndani ya radieta yako hapo Kitale haichemki mpaka karibu nyuzi 115. Kikiwa na mpira uliokatika ama springi imechoka, unarudi kwa 94.

Sasa piga hesabu. Kwa gari nyingi za Toyota feni inawashwa joto ikifika kama nyuzi 93 mpaka 96 hivi. Na kifuniko kibovu hapo Kitale, maji inaanza kutokota kabla feni ipate habari ama wakati huo huo. Inamwagika, inapungua, sensa inabaki kwa hewa, feni inanyamaza kabisa. Ukisimama kando unaona gari inachemsha na feni haizunguki, na jibu ni kifuniko. Kile kifuniko kinaitwa cha ubatili kwa gareji nyingi, watu wanakibadilisha na cha gari ingine bora kiingie. Angalia namba, nunua chenye kimeandikwa sawa na kile cha gari yako.

Cheki pia mbele ya radieta. Mvua ya kwanza ikinyesha Bungoma, kumbikumbi, zile chiswa, zinaingia kwa grili zikiwa mia na mia. Ongeza vumbi na makapi ya mahindi. AC ikiwa na kondensa yake mbele, uchafu unakaa katikati ya hizo mbili na huwezi kuuona ukisimama mbele ya gari. Osha na maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja nje. Ile mashine ya kaushi inapinda mapezi na kuingiza maji kwa plagi za umeme, unamaliza shida moja unaanzisha mbili.

Sasa feni yenyewe

Maji iko, kifuniko ni kizima, na bado ikisimama inachemsha. Sawa, twende kwa feni. Onyo moja: kuna gari feni yake inaweza kuwaka hata ukiwa umezima, kwa hivyo toa ufunguo na uweke vidole mbali mpaka uwe na hakika.

Kwanza zungusha bleidi na mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Inafaa kuzunguka laini. Ikiwa ngumu, inakwaruza ama ina mchezo wa kwenda huku na huku, mota imeisha, huhitaji kipimo kingine.

Washa injini, washa AC. Kwa gari nyingi za Toyota na Nissan, AC ikiwaka feni lazima izunguke bila kujali joto. Ikizunguka hapo, una jibu kubwa: mota ni nzima, fyuzi ni nzima, waya ni nzima. Shida iko upande wa ile amri ya joto, yaani sensa, rilei ya mwendo huo, ama kompyuta. Tahadhari, kuna gari ziko na feni mbili, moja ya radieta na moja ya AC. Hapo angalia ni gani imezunguka. Moja ikizunguka usiseme zote ziko sawa.

Kama AC haijafanya kitu, nenda kwa sanduku la fyuzi chini ya boneti. Kwa Toyota kifuniko huwa kimeandikwa RDI FAN kwa feni ya radieta na CDS FAN kwa ile ya kondensa. Ex-Japani nyingine kimeandikwa Kijapani, hapo piga picha na simu uitafsiri. Fyuzi ya feni ni kubwa, mara nyingi ampea 30 ama 40. Itoe uiangalie, na uangalie pia miguu yake kama imeyeyuka ama ina rangi ya kuungua. Weka mpya ya ampea ile ile. Ikichomeka tena mara moja, kuna mota imekwama ama waya umegusa bodi. Kuna watu hapo wanafunga kipande cha waya wa kopa mahali pa fyuzi, na kweli feni inazunguka, mpaka siku waya ndio inachomeka badala ya fyuzi. Hiyo siku huwa hakuna maji ya kuzima.

Rilei ni ile sanduku ndogo nyeusi kando ya fyuzi. Nyingi zinafanana, kwa hivyo tafuta ingine yenye namba sawa kabisa na miguu sawa, badilishana. Feni ikiwaka, umepata mwizi na umetumia shilingi sufuri. Usilazimishe rilei ya umbo tofauti, na usichukue ya pampu ya mafuta halafu ushangae gari haiwaki.

Bado? Toa plagi ya feni. Chukua waya mbili nzuri, nene kidogo, moja iwe na fyuzi, ulishe mota moja kwa moja kutoka kwa betri. Angalia rangi za waya vizuri, hii tutairudia. Feni ikizunguka kwa nguvu, mota iko sawa na unatafuta waya ama rilei. Isipozunguka, gonga mwili wa mota polepole na mpini wa bisibisi ukiwa umeilisha. Ikiamka baada ya kugongwa, brashi za kaboni zimeisha. Itakufikisha nyumbani, labda hata wiki mbili, lakini itakukatalia siku mbaya. Kuna mafundi wa umeme wa gari wanabadilisha brashi peke yake, na hiyo ni kazi ya bei rahisi kuliko feni nzima. Uliza kabla ununue.

Kwa upande wa plagi iliyotoka kwa gari, fundi ataweka testa ama balbu ya indiketa. Injini iko moto, ama AC imewashwa: taa ikiwaka, umeme unafika na mota ndio mgonjwa. Isipowaka, umeme unakwama nyuma. Usisahau upande wa ardhi. Ule waya mweusi uliofungwa kwa bodi ukiwa na kutu, kila kitu kinakaa kizima na hakuna kinachofanya kazi. Ukwaruze na msasa, ufunge tena. Nusu ya "miujiza" ya mafundi wa umeme ni hiyo, na bado utalipishwa kama ni mota.

Mtego wa sensa

Hapa vizazi vya gari vinatofautiana, na ndio maana ushauri wa jamaa mwenye Corolla unaweza kukupoteza wewe mwenye Axio.

Corolla nyingi za miaka ya 90 ziko na swichi ya joto. Ikiwa baridi imefunga mzunguko, ikishika moto inafungua, na kufungua ndio kunawasha feni. Kwa hivyo ukichomoa plagi yake, ufunguo ukiwa umewashwa, feni inafaa kuzunguka. Ikizunguka hapo na ilikuwa imekataa gari ikiwa moto, swichi imekufa. Honda za zamani na gari kadhaa za Ulaya ni kinyume: ukichomoa hakuna kitu, unaunganisha zile waya mbili za plagi ndio feni iwake.

Gari mpya zaidi, sensa inaambia kompyuta joto na kompyuta inaamua. Injini ikiwa inanguruma, chomoa plagi ya sensa ya joto. Kwa nyingi kompyuta inaogopa, inasema siwezi kuona joto, wacha niwashe feni kwa usalama. Feni ikiwaka, njia yote kutoka kompyuta mpaka mota iko sawa na sensa ndio inadanganya. Taa ya injini itawaka kwa dashibodi, usishtuke, ni kwa sababu umechomoa.

Ukiwa na kile kiskana kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, utasoma joto kwa simu. Gari ikiwa imelala usiku mzima, inafaa kuonyesha joto sawa na ya hewa ya asubuhi. Ikionyesha nyuzi 60 na umeamka na baridi ya Kitale, sensa imekufa. Kodi za P0115 mpaka P0118 zinahusu hiyo sensa ama waya zake, P0480 inahusu mzunguko wa feni. Kodi inakupa mtaa tu, nyumba unatafuta mwenyewe. Usinunue spea ju ya kodi peke yake.

Mwenye multimita anaweza kupima sensa ya Toyota ikiwa imetolewa. Kwa nyuzi 20 inafaa kuwa kati ya ohm 2,000 na 3,000, na ukiichovya kwa maji ya nyuzi 80 inashuka karibu 300. Isiposhuka, tupa.

Na kuna ile hali inachanganya hata mafundi wazee. Hosipaipu ya juu inachoma, ya chini ni baridi kabisa, sindano iko juu, feni kimya. Maji moto haipiti kwa radieta. Temostati imekwama imefungwa, ama radieta imeziba na kutu ya miaka ya maji ya mto. Kama swichi ya feni iko chini ya radieta, yenyewe inaona maji baridi na haina sababu ya kuwasha. Hapo ndio kweli temostati ni ya kutolewa, ili mpya iwekwe.

Feni inazunguka, na bado

Kuna gari imetoka kwa fundi, feni inazunguka kama ndege na bado inachemsha kwa steji. Shika karatasi mbele ya grili. Inafaa kuvutwa ikwame kwa grili. Ikisukumwa mbali, waya mbili za mota zimegeuzwa na feni inazunguka kinyume, inapigana na upepo badala ya kuusaidia. Ndio maana nilisema uangalie rangi za waya. Pia cheki kama ile plastiki inayozunguka feni iko. Ikitolewa, feni inavuta hewa ya kando kando na katikati ya radieta peke yake ndio inapoa.

Hizo suluhisho mbili za mtaani

Ya kwanza ni kutoa temostati na kuiacha nje. Temostati ya 1NZ-FE inaanza kufungua kwa nyuzi 80 mpaka 84. Ikitolewa, injini inachukua muda mrefu kupata joto, na kwa baridi ya Kitale asubuhi inaweza isipate kabisa. Kompyuta inaona injini baridi, inaongeza petroli. Kwa dere wa Probox anayelipa mwenye gari kila jioni, hiyo petroli inatoka kwa mfuko wake, kila siku, bila yeye kujua. Na kuna injini temostati yake pia inafunga njia ya mkato ya maji, kwa hivyo ukiitoa sehemu ya maji moto inarudi kwa injini bila kupita kwa radieta, na gari inachemsha zaidi ya mbeleni. Kwa bahati mbaya mara nyingi "inasaidia" wiki moja, na fundi anaonekana genius.

Ya pili ni kuweka feni moja kwa moja kwa swichi ya dashibodi. Mota ya feni inaweza kula ampea 10 na kitu, na ikianza inavuta zaidi. Swichi ya taa ya ndani haikutengenezewa hiyo kazi. Inayeyuka, waya mwembamba unapata moto chini ya dashibodi. Kama uko mbali na nyumbani na lazima ufanye hivyo, fundi aweke rilei na fyuzi, swichi iwe inaamrisha rilei tu. Na dere mwingine akichukua gari lazima aambiwe, ju hakuna kitu kitamkumbusha kuwasha.

Ukiwa kwa gareji, ongea kwa heshima lakini uwe na msimamo: "Fundi, kabla utoe kitu, naomba tuwashe AC tuone feni, halafu tucheki fyuzi." Fundi anayejua kazi atafurahi, umempunguzia kutafuta. Mwenye atakasirika, rudi kwa barabara, kuna wengine.

Wakati si feni kabisa

Gari ikiwa baridi, jaza maji, acha kifuniko wazi, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa inatoka, sawa. Yakiendelea mfululizo kama chai inayotokota na maji bado ni baridi, moshi wa silinda unaingia kwa maji, na hiyo ni gasketi ama hedi. Dalili zingine: hosipaipu ya juu inakuwa ngumu dakika mbili tu baada ya kuwasha, moshi mweupe hauishi hata gari ikipata joto, oili inakaa kama chai ya maziwa. Hapo kubadilisha feni ni kuchoma pesa. Hedi ikitolewa, ipelekwe kupimwa kama imepinda na kuskimiwa kabla gasketi mpya ifungwe. Fundi akikuambia hakuna haja ya kupima, anakuandalia kazi ya pili.

Ukimaliza matengenezo yoyote yale, weka kulanti ya kweli, hata kama maji ya mto ni ya bure. Maji tupu inaleta kutu na magamba, ndio inaziba radieta na kula pampu. Nyekundu na kijani usichanganye kama hujui ni aina gani. Soma chupa: kuna ya kumwaga ilivyo na kuna ya kuchanganya na maji safi. Halafu toa hewa: kifuniko wazi, hita kwa moto, injini inanguruma mpaka feni iwake mara mbili yenyewe na izime yenyewe. Hiyo mara mbili ndio mtihani wa kazi. Usitoe pesa ya fundi kabla uone feni imefanya hivyo mbele yako, hata kama utangoja dakika ishirini.

Na kama wewe ni wa Hiace ya matatu za zamani, Canter ama lori la mahindi, mengi ya umeme hapa hayakuhusu. Feni yenu inazungushwa na mkanda wa injini, na katikati ina klachi ya mafuta mazito. Injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha na mkono: inafaa kukataa kidogo, iwe nzito. Ikizunguka bure mara tano sita kama tairi ya baiskeli, klachi imechoka. Ukiona mafuta yametapakaa katikati ya bleidi, imevuja. Mkanda nao ukiwa umelegea utaskia ukilia asubuhi, na kwa kawaida taa ya betri itakuwa inachezacheza, ju alterneta inategemea mkanda huo huo ama wa jirani yake.